Injini Ndogo Kwenye Mteremko wa Ubao

Ndugu zangu wa bonde hili, nanyi mnaosoma mkiwa mbali, naomba mnisikilize niwasimulie habari za nyumba moja. Haikuwa nyumba ya walevi, wala ya wavivu, wala ya watu waliolala njaa. Ilikuwa nyumba ya kawaida, yenye moshi kwenye dohani na buti zilizopangwa mlangoni. Ugonjwa ulioingia humo uliingia ukicheka, na ndiyo maana hakuna aliyeufungia mlango.

Jumamosi moja ya Januari, kulipopambazuka, Ardith Ruddock alikuwa amekaa kando ya mumewe ndani ya gari lao la kubebea mizigo, wakipanda barabara ya mlimani kutoka mji wetu wa Tolliver. Nyuma walikokota tela lenye pikipiki mbili za theluji, zile zisizo na magurudumu, zinazosukumwa na mkanda mpana. Anga lilikuwa safi, theluji mpya ilikuwa imelalia matawi ya misonobari, na ndani ya gari kulinukia kahawa na soseji za nyama ya kulungu. Binti yao Maren, mwenye miaka saba, walikuwa wamemwacha kwa bibi yake akila chapati za maji na sharubati ya matunda.

Ardith alikuwa mpimaji wa maziwa katika kiwanda cha jibini, na upimaji ulikuwa umemwingia damuni. Hakuweza kuona kitu bila kujiuliza kwa nini kiko hivyo. Kwa nini barafu ya mtoni hulia alfajiri? Kwa nini ng'ombe huupa upepo mgongo? Asubuhi ile macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa viazi vya kukaanga uliokuwa mbele yao, chini ya kioo cha gari.

"Thayne, hebu tazama. Umevimba kama chura."

"Nani, mimi?"

"Mfuko, bwana. Tumetoka nyumbani umelegea."

"Labda una mimba."

"Hewa ya nje imekuwa nyepesi," alisema Ardith, akiubonyeza mfuko kwa kidole. "Ya ndani imefungiwa humo tangu kiwandani. Sasa niambie, kama hewa ya huku ni nyepesi hivi, injini zetu zinavuta nini?"

"Zinavuta umaskini," alijibu Thayne, na wote wawili wakacheka.

Thayne alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, mtu mpole, mwenye maneno machache na mikono inayojua spana. Pikipiki yake ilikuwa na injini ya mia sita, ya mkewe ilikuwa ya mia tano na hamsini, ya zamani, urithi kutoka kwa baba yake. Huku kwetu injini kama hizo ni za kuendea kwenye kibanda cha uvuvi wa barafuni. Ukipanda nazo mlima, kila futi elfu moja zinapoteza kama sehemu tatu katika mia ya nguvu zao. Ile ya Thayne ilizaliwa na nguvu za farasi mia na ishirini. Ikifika futi elfu tisa na nusu, hata tisini hawatimii.

Lakini wale wawili walikuwa wameligeuza jambo hilo kuwa mchezo wao wa utafiti. Walifungua klachi, wakatoa vile vipande vya uzito vilivyomo ndani na kutia vyepesi zaidi, ili injini isibanwe pumzi. Walijifunza kwamba mwenye injini kubwa hupanda kwa ubavu, lakini mwenye injini ndogo hana budi kuusoma mlima kwanza: wapi upepo umeikaza theluji, wapi jua limeilainisha, wapi miti inaacha njia ya kupanda mshazari. Kasi waliichukua chini, kwenye tambarare, kwa sababu juu hapana pa kuikopa. Na hawakusimama kamwe wakiwa wameelekea juu. Sauti ya injini ikianza kushuka, kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani, waligeuka upesi, wakashuka, wakajaribu upande mwingine.

Ardith aliyaandika yote kwenye daftari. Thayne alichora vijiramani pembeni kwa penseli. Kwa njia hiyo walifika mahali ambapo wenye mashine kubwa hawajafika, kwa kuwa hao hupita kwa kishindo na hawaoni vichochoro. Ilikuwa furaha yao, na haikumsumbua mtu.

Sasa niwaeleze kuhusu Ubao, kwa ajili ya wale wasioujua. Juu ya mji wetu kuna mteremko mpana, mweupe, usio na mti katikati. Kila mpanda pikipiki hupanda humo mpaka nguvu zinapoishia, kisha hugeuka na kushuka, na mkanda wa mashine yake huacha mkunjo kama upinde. Mikunjo hiyo hukaa hapo, ikisomwa na mji mzima, mpaka theluji nyingine ije iifute. Katika mgahawa wa Nola kuna darubini imening'inizwa dirishani, na jina la aliyechora juu kuliko wote huandikwa kwa chaki karibu na mlango wa jikoni.

Jina lililokaa pale miaka minne mfululizo lilikuwa la Delwyn, kaka yake Ardith.

Delwyn hakuwa mtu mbaya, naomba mlishike hilo. Ndiye aliyekuwa akipanda kuondoa theluji kwenye mapaa ya wajane bila kuombwa. Lakini ulimi wake haukujua kupumzika, na majira yale alikuwa amepata mashine mpya, injini ya mia nane na hamsini yenye tabo, kile kipulizio kinachoshindilia hewa ndani ya injini hata huko juu ambako hewa ni haba. Mwenye tabo haoni tofauti ya bondeni na kileleni. Pengine ndiyo sababu pia haoni kwa nini wengine wanahema.

Siku moja ya Februari watu walikuwa wamejaa kwa Nola, wakila pai na kusubiri barabara ifunguliwe. Delwyn aliishika darubini.

"Nola, nani kachora ule mstari wa chini pale? Sungura?"

"Acha utani wako. Ni wa Thayne," alisema Nola, akifuta meza.

"Lo, shemeji, nisamehe. Nilidhani sungura kapita na watoto wake."

"Sungura anafika nyumbani mapema," Thayne alijibu, na watu wakacheka pamoja naye. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa.

Lakini Delwyn alipoona hadhira imenoga hakukubali kushuka jukwaani. "Hapana, shemeji, tuseme kweli. Ile yako si pikipiki. Ile ni cherehani. Siku ukipanda nayo tena niambie mapema, nina suruali imenibana kiuno."

Mgahawa mzima uliangua kicheko. Mmoja alianza kuiga mlio wa cherehani. Ardith alikuwa amekaa kando ya mumewe, kikombe mkononi. Alijikaza, akauma mdomo, lakini mlio ule uliigwa vizuri mno, na kicheko kikamponyoka. Kilikuwa kifupi. Alikimeza mara moja.

Thayne hakumtazama Delwyn. Alimgeukia mkewe, akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye pai yake na kuimaliza polepole mpaka makombo.

Wasomaji wangu, utani wa mashemeji ni chumvi ya ukoo, nami siupingi. Lakini mpishi huonja. Delwyn hakuonja hata siku moja. Na Ardith, aliyekuwa mpimaji kwa kazi, siku ile hakupima.

Tangu hapo jina likashika. Kwenye karakana ya wilaya wenzake Thayne walimwuliza kama ana uzi mweusi. Wiki ya pili mtu alitundika kibobini cha uzi wa kushonea kwenye kioo cha gari lake. Na jioni moja, wakiwa mezani, Maren aliinua uso kutoka kwenye supu yake.

"Baba, ni kweli una cherehani?"

"Nani kakuambia?"

"Shuleni. Wanasema mjomba anaendesha pikipiki na wewe unaendesha cherehani."

"Maren, kula," alisema Ardith.

"Mwache," alisema Thayne. "Kauliza tu. Siku hizi humu ndani ni yeye peke yake anayeniuliza, wengine wananicheka."

Ardith alitaka kuomba radhi. Maneno alikuwa nayo, yamejipanga kooni, lakini aliona aibu kuyataja mbele ya mtoto, akajiambia atayasema baadaye. Baadaye ikawa kesho, na kesho ikawa wiki. Nyinyi mnajua jinsi inavyokuwa.

Daftari lao lilibaki juu ya friji. Jumamosi walipokwenda mlimani Thayne hakuongoza tena kwenye vichochoro vya miti. Alikwenda moja kwa moja chini ya Ubao, akapanda, akakwama njiani, akashuka, akapanda tena mahali palepale. Ardith alipomwambia kwamba theluji ya upande wa kulia imekazwa na upepo na ingembeba vizuri zaidi, alimjibu, "Kaka yako haulizi theluji."

Kisha, mwisho wa Februari, Ardith alimkuta karakanani ameweka mizani ya bafuni sakafuni, anapima vitu kimojakimoja: kiti, mkoba, dumu la akiba, mnyororo wa kuvutia.

"Unafanya nini?"

"Napima tu."

Moyo wa Ardith ulichanua. Aliona ile hamu yao ya kujua mambo imemrudia mumewe, akaogopa kuivuruga kwa maswali. Alimletea kahawa, akamwachia mlango wazi kidogo ili mwanga wa jikoni umfikie. Laiti angeuliza swali moja zaidi.

Jumamosi ya kwanza ya Machi ndiyo siku yetu ya Ubao. Siku mbili kabla upepo ulikuwa umevuma kutoka magharibi, ukibeba theluji kutoka upande wa pili wa mlima na kuilundika upande wetu. Asubuhi redioni walitahadharisha kuhusu miteremko iliyolishwa na upepo, kwamba theluji yake huporomoka upesi.

"Umesikia?" Ardith alimwuliza mumewe wakivaa buti.

"Nimesikia. Unataka nibaki nyumbani nishone?"

Ardith alichukua mkoba wake, wenye beleshi la kukunja, ufito wa kuchoma theluji kumtafuta aliyefunikwa na chupa ya chai, akatoka.

Walifika chini ya Ubao mnamo saa nne na nusu, watatu tu: Delwyn, Thayne na Ardith. Wengine walikuwa bado kwa Nola wakinywa kahawa. Walisimama pembeni kwenye kijisitu cha misonobari, mahali salama, wakakagua vile vitafutio vya kifuani ambavyo kila mtu wetu huvaa, ili akifunikwa na theluji wenzake waisikie ishara yake. Sheria za kule juu zinajulikana hata na watoto. Anapanda mmoja mmoja. Wengine wanakaa pembeni na kutazama. Na mtu akikwama juu, hafuatwi kwa mashine. Anajichimbua mwenyewe, anaigeuza pikipiki yake, anashuka.

Delwyn alitangulia. Mashine yake ililia kama ndege ya kunyunyizia dawa, ikapanda kwa mkono wa kushoto, karibu na miamba, ikachora mkunjo mrefu juu kabisa, ikarudi. Alivua miwani usoni akitabasamu.

"Nimekuachia katikati, shemeji. Kitambaa kizima hakijaguswa."

"Thayne," Ardith alisema, "unauona ule msonobari uliovunjika? Ukifika usawa wake, geuka. Pale pumzi ya injini inakwisha. Hata daftari linasema."

Thayne alifunga mkanda wa helmeti yake. "Leo naenda bila daftari."

Aliondoka kwa kasi nzuri, hilo Ardith alilikiri moyoni. Pikipiki ilionekana nyepesi kuliko siku zote, ikielea juu ya theluji. Alifika kwenye msonobari uliovunjika, akaupita. Mara Ardith akasikia ile sauti wanayoifahamu wote wawili, sauti inayoshuka daraja moja, kisha jingine. Geuka, aliomba kimoyomoyo. Thayne hakugeuka. Mkanda wa mashine ulianza kuchimba badala ya kupanda, mkia ukazama, na pikipiki ikasimama ikiwa imeelekea juu, katikati ya Ubao, ikiwa imezikwa nusu.

Ardith alichukua redio ya upepo. "Thayne, umekwama tu, hakuna neno. Chimba upande wa chini, uigeuze, ushuke. Sisi hatuji."

Redio ilikwaruza. "Sina beleshi."

"Liko wapi?"

"Rafuni, nyumbani. Na ufito, na mkoba wote. Nilitaka niwe mwepesi."

Ardith aliikumbuka ile mizani sakafuni. Alimgeukia kaka yake. Delwyn alikuwa amesikia kila neno, na lile tabasamu lilikuwa limemtoka usoni kama mtu aliyepigwa kofi.

"Nampelekea langu," alisema.

"Kwa miguu basi. Zunguka huku kwenye miti."

"Kwa miguu ni saa nzima. Ataganda."

"Hataganda kwa saa moja, kaka. Ule mteremko umebebeshwa na upepo. Ukiongeza uzito wako na wa mashine..."

"Ardith, yule yuko pale kwa ajili yangu. Huku kwetu mtu hakwami peke yake."

"Mwambie asije," redio ilisema kwa sauti ya Thayne. Lakini Delwyn alikuwa ameshawasha injini.

Hapa ndugu zangu nataka tusimame kidogo. Ule usemi, kwamba huku kwetu mtu hakwami peke yake, tumeurithi kwa wazee na ni usemi mzuri barabarani, mtoni na kwenye zizi. Juu ya mteremko uliolishwa na upepo umeshazika watu. Delwyn aliujua ukweli huo kuliko mimi. Ila mtu mwenye haya moyoni hufanya haraka, na haraka yake huiita wema.

Alipanda. Mashine nzito ya namna ile haiwezi kusimama taratibu kando ya mtu kwenye mwinuko. Ikabidi apande kupita alipo Thayne, azunguke, ashuke kumfikia. Alipokuwa anazunguka, Ardith aliona mstari mwembamba, kama ufa wa sahani, ukikimbia juu ya theluji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha ukaja mshindo mzito wa chini, kama mlango mkubwa uliofungwa ndani ya ardhi, na Ubao wote ukaanza kutembea.

Ardith hakupiga kelele. Alimkazia macho Delwyn mpaka aliposhindwa kumwona, akakariri mahali pale: chini ya mwamba mwekundu, usawa wa miti miwili pacha. Vumbi la theluji lilipotulia, alitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na mbili. Pembeni, karibu na miti alikosukumwa na theluji, Thayne alikuwa amezikwa hadi kiunoni, anajikokota kutoka. Delwyn hakuonekana.

Ardith aliendesha pikipiki yake hadi ukingoni mwa mabonge, akaiacha, akakimbia akianguka na kuinuka. Thayne alimfikia, mkono wake wa kushoto ukining'inia kama wa mwanasesere.

"Kitafutio chako bado kinatuma," Ardith alimwambia. "Kiweke kwenye kusikiliza, la sivyo nitakutafuta wewe."

Thayne alikigeuza kwa mkono wake mzima. Namba kwenye kioo cha Ardith zikaanza kushuka. Arobaini na sita. Thelathini na moja. Akapotoka njia, namba zikapanda, akarudi. Kumi na saba. Nane. Alipiga magoti, akakipitisha kifaa juu ya theluji taratibu, kama anavyopima maziwa, bila kukimbilia jibu. Mbili. Moja na nusu. Akaunganisha ufito, akachoma. Patupu. Akachoma tena. Mara ya tatu ufito uligusa kitu ambacho hakikuwa mwamba wala mti. Kiliurudisha mkono kwa upole.

"Yuko hapa. Futi tano."

Walichimba kutokea upande wa chini. Kati yao watu wawili palikuwa na beleshi moja. Thayne alichota kwa helmeti, kwa mkono mmoja, akihesabu kwa sauti ili asilie. Theluji iliyoporomoka haifanani na ile laini. Huganda papo hapo kama saruji. Saa tano na dakika ishirini na nne beleshi lilifunua ukosi wa koti, kisha kidevu. Uso wa Delwyn ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoharibika. Ardith aliingiza vidole kinywani mwake, akatoa theluji, akampulizia pumzi mara moja, mara mbili, mara tano.

Delwyn akakohoa.

Helikopta ilikuja kabla hawajaiita. Kule mjini Nola alikuwa ameinua darubini aone nani kachora juu, akaukuta Ubao mtupu umekwanyuka, akaiacha kahawa ikimwagika na kukimbilia simu.

Delwyn aliishi. Nyonga yake ilivunjika mahali patatu, na mguu wa kulia mpaka leo haukunji sawasawa. Mapaa ya wajane sasa wanapanda wengine. Siku ya tisa Ardith na Thayne walikwenda kumwona hospitalini, Thayne akiwa amefungwa mkono shingoni. Walikaa muda wakizungumzia chakula cha hospitali na hali ya barabara.

"Shemeji," Delwyn alisema hatimaye, akitazama dari. "Beleshi na ule mkoba vina uzito gani?"

"Ratili kumi na moja."

"Kuziacha kungekupandisha hadi wapi zaidi?"

"Nimeshapiga hesabu. Hatua nne. Labda tano."

Delwyn alifumba macho. "Ungeniambia kwamba utani unakuuma."

"Ungecheka."

Delwyn alilifikiria jambo lile kwa uaminifu, kama mtu anayepekua mifuko yake yote. "Ningecheka," alikubali. "Nisamehe, Thayne." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kumwita kwa jina.

"Na mimi nilicheka," Ardith alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Siku ile kwa Nola. Nimetaka kukuambia tangu siku ile."

Thayne alimwekea shemeji yake mto vizuri kwa mkono wake mzima, ndipo akamgeukia mkewe.

"Huyu ningemvumilia miaka kumi," alisema. "Juu ya Ubao nilikuwa nakupandia wewe."

Ardith alilia hapo kitini, mbele ya kaka yake na mbele ya muuguzi aliyeingia na dawa, na hakuona haya tena. Thayne alivuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana, akakaa hivyo mpaka saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha.

FUNZO

Ndugu zangu, jamaa huyu hakupandishwa mlima na injini. Alipandishwa na kicheko. Kejeli ya nje huumiza ngozi, ile ya nyumbani hufika mfupani, nayo humfanya mtu aache nyuma vile vitu vinavyomlinda ili aonekane mkubwa kidogo machoni pa anaowapenda. Leo ni beleshi. Kwa mwingine ni dawa zake, au usingizi, au akili yake nzuri aliyopewa.

Wenye mashemeji, taniani, lakini tazameni uso wa mwenzenu baada ya mzaha, si nyuso za wanaocheka. Aliyecheka mahali pasipostahili aombe radhi siku hiyohiyo, hata mbele ya mtoto. Mtoto atajifunza kitu. Na anayekwama juu ya mteremko, msimfuate kwa mashine, hata kama ni ndugu, hata kama kosa ni lenu. Kaeni pembeni, mkazieni macho, kila mmoja awe na beleshi lake.

Mwisho nawaomba jambo dogo. Wengi tunaishi na watu ambao wanapanda mahali penye hewa nyepesi kuliko tulipo sisi: kwenye ugonjwa, kwenye uzee, kwenye kazi ngumu, kwenye huzuni wasiyoitaja. Alama yao inaonekana ya chini. Kabla hujasema neno, muulize amepandaje hadi kufika hapo, kisha msikilize mpaka amalize.